Kadi ya Msabaha

Barua ilikuja siku ya pili yake. Msabaha habari alikwisha kuipata kwa kiganja cha mkono.

Kila mwisho wa mwezi alichukua bunda la kadi za wafanyakazi, akalisimamisha mezani, akaligonga pande zote nne likae sawa, kisha akaulisha mtambo wa mahesabu. Kila mtu katika kampuni ile kubwa alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, imetobolewa matundu ambayo mtambo ulisoma kuwa jina, idara na mwaka wa kuajiriwa. Miaka tisa aligonga bunda lile, akajua unene wake kama mpishi anavyojua chumvi bila kuonja. Siku ile bunda lilikuwa jembamba.

Alizipitia kadi moja moja. Idara ya mitambo yote haikuwemo, watu kumi na tisa, na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Akazikuta ndani ya kapu la takataka, chini ya majivu ya sigara za mkuu wa idara. Akaipangusa ya kwake, akaitia mfuko wa shati. Halafu, na hapa ndipo utakapomjua Msabaha ni mtu wa namna gani, akaketi akazilisha zile zilizobaki, maana wenzake wa idara nyingine walikuwa wanangoja mishahara.

Barua ilisema mkataba wa kukodi mtambo umekwisha, fedha za kigeni hazipatikani, na hesabu zinarudi kwa makarani wa kalamu. Ilimshukuru pia. Watu kumi na tisa waliotumia chumba kimoja tangu mwaka sitini na sita walitoka kwa milango tofauti, na hakuna aliyemuaga mwenzake. Kila mmoja aliona aibu kama aliyefumaniwa, na hapana mmoja wao aliyekosa lolote.

Sasa, Msabaha hakuogopa njaa. Minazi ya marehemu mama yake ipo Zinga, na mkewe Mwanahija ni fundi wa mikeka anayetafutwa hadi Msata. Alichoogopa ni kuhurumiwa. Bagamoyo nzima ilimsomea dua alipokwenda Nairobi kusomea mtambo, wakamwita Bwana Mitambo, na jina la namna hiyo likikuvuka linakuacha uchi. Kwa hiyo akafanya jambo la kipumbavu ambalo wanaume wengi wenye akili hulifanya: akanyamaza. Kila Jumatatu alipanda basi la alfajiri, akashinda juma zima chumbani kwake Magomeni ya Dar es Salaam, akitazama dari, na Jumamosi akarudi nyumbani na shati lililopigwa pasi.

Pale basi linaposimama Bagamoyo, Mikidadi alikuwa na karakana yake ya baiskeli. Babu yake Mikidadi alishuka pwani na mizigo kutoka Unyamwezi, akaoa, asirudi tena. Msabaha ni Mzaramo, kwa hiyo wawili hao ni watani, tena waliingia jando moja. Siku alipozikwa mama yake Msabaha, Mikidadi alitumbukia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe haki yake ya utani, na akamwigiza marehemu anavyotembea akigombana na kuku. Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Hivyo ndivyo wanavyozikana. Na kila Jumamosi basi lilipofika, Mikidadi alipaza sauti: “Jamani, maiti ya Kizaramo imeletwa, nani ana sanda?” Msabaha angeshuka akimtukana, roho yake imetulia.

Jumamosi ya kwanza Mikidadi alimuuliza, “Kadi zangu ziko wapi?” Kwa miaka Msabaha alikuja na kadi zilizoharibika ofisini, akazigawa mtaani. Watoto wa chuo cha Kurani waliandikia aya migongoni mwa kadi, wanawake walipepea makaa, na Mikidadi alizibana kwenye magurudumu ya baiskeli ili sipoku zizigonge zikilia.

“Nimesahau,” Msabaha akasema.

Jumamosi ya pili Mikidadi hakuuliza. Jumamosi ya tatu Msabaha aliposhuka, mtani wake alisimama, akafuta mikono yake kwa tambara, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, Bwana Msabaha.”

“Marahaba,” jibu likamtoka lenyewe. Akaenda zake nyumbani. Shikamoo, kutoka kwa mtu aliyelia naye jando moja. Hata angetemewa mate asingeumia vile.

Nyumbani Mwanahija alimtengea kichwa cha samaki changu, akakaa kando akimtazama anavyokula, kama anayemlisha mgonjwa.

“Nani kakwambia?” Msabaha akauliza.

“Sikuambiwa na mtu, mume wangu. Umekuja mikono mitupu, bila kadi, Jumamosi tatu. Mwalimu wa chuoni kaniuliza watoto waandikie nini.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Nilingoja useme mwenyewe. Na mtaani tulikubaliana tusikuulize, tusije tukakutonesha.”

“Hata Mikidadi?”

“Huyo ndiye aliyekuwa mgumu. Ilibidi Shehe Mwinshehe wa msikitini amuombe.”

Msabaha alisukuma sahani. Majuma matatu alijiona anawaficha watu, kumbe watu ndio waliomficha. Mtaa mzima umekaa kikao juu yake, yeye hayumo, na uamuzi wao ulikuwa wema mtupu. Usiku kucha alilala ubavu mmoja akisikia pumzi za mkewe. Hajapata kuwa mpweke namna ile hata kule chumbani Magomeni.

Asubuhi ya Jumapili akaenda karakana. Mikidadi alipomwona akaanza tena kufuta mikono.

“Acha,” Msabaha akasema. “Nimekuja kukupa taarifa ya msiba, mtani.”

Mikidadi akakunja uso. “Nani kafa?”

“Kazi yangu.”

Mikidadi alilivuta gurudumu mapajani. Alimtazama Msabaha machoni, kisha akatazama upande wa msikiti, kama mtu anayeomba radhi kwa ahadi anayotaka kuivunja.

“Imekufa lini?”

“Leo wiki ya tatu.”

“Wiki tatu mmekaa na maiti ndani hamjaizika? Ndiyo maana Wazaramo mnanuka.”

Kabla Msabaha hajamrudishia tusi, Mikidadi alikwisha kulala chali katikati ya njia, mikono kifuani, vumbi mpaka masikioni. “Hazikwi mtu hapa mpaka mtani apewe chake.”

Msabaha akatia mkono mfukoni. Hakuwa amepanga. Akaitoa kadi yake ya kapuni, akampa. Mikidadi akaielekeza juani akaitazama kwa jicho moja.

“Hili ndilo jina lako?”

“Ndilo.”

“Matundu matupu. Nilijua zamani.”

Akainuka, akaibana kadi kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yake kwa kibanio cha nguo, akapanda. Kadi ikaanza kulia, tatatata, na yeye juu yake akitangaza kila nyumba kwamba Msabaha kafiwa, jamani, Msabaha kafiwa na kazi, njooni tuzike. Milango ikafunguka. Mwanamke mmoja akacheka, mwingine akasema, “Masikini, kumbe kasema.” Mlio ukakata kona, ukaelekea mtaa wa Dunda, ukawa mdogo, haukusikika tena.

Miaka tisa ilikwenda na mlio ule. Karakanani palibaki baiskeli za watu zimepinduliwa miguu juu. Msabaha aliuma midomo, lakini haikusaidia, machozi yakaja. Akavua viatu vyake vya ofisini, akakaa chini kwenye jamvi la Mikidadi kama mfiwa anavyokaa, akangoja watu waje.