Mwendo wa Hajra

...na chai ishaanza kufanya utandu vikombeni, Hajra kasimama nyuma ya pazia na sinia mikononi, akingoja kuitwa, maana sebuleni ameketi Akilabai wa Makadara aliyekuja kumtafutia mwanawe mke, na mama kamwusia tangu asubuhi, polepole mwanangu, macho chini, hatua ndogondogo, mwari haendi mbio mbele ya mkwe... sasa miguu hii isiyojua polepole aifanyeje, miguu iliyomletea lile neno la baba, brisk, ambalo baba huyo, Mzee Allarakha, alilipata dukani kwake wakati wa vita, baharia Mwingereza akinunua kitambaa na kuuliza biashara ni brisk leo?, yaani imechangamka, kisha daktari akamwamuru atembee brisk kila alfajiri, akawa anakwenda hadi Feri na kurudi, koti likipepea, majirani wakicheka barazani, hata upepo wa kaskazi ukimpiga vizuri usoni huuita brisk, na siku moja akamwona bintiye akipanda ngazi na ndoo ya maji, akasema kwa fahari, Hajra wangu ndiye brisk mwenyewe, mama akanuna, "Neno hilo lisitoke nje ya nyumba hii, nani ataoa msichana wa kukimbia?"... "Yuwapi huyo mwari?" ni Akilabai, sauti yake haina ukali, "Yuwaja, dada, ni mpole mno, hata mwendo wake hausikiki," mama anajibu, lo, mpole!, Hajra nusura acheke, kisha akajiuliza, kwani ni nani huyo mpole anayesifiwa?, hamjui, hajapata kuishi naye, na akitoka sasa kwa hatua za kuazima atapendwa yule, ataposwa yule, atavishwa pete yule, lakini atakayehamia Makadara ni yeye, apande ngazi za watu polepole, afagie polepole, azeeke polepole akimwigiza mtu asiyemjua... moyo umetulia, hana hasira hata na mama, mama anaogopa tu binti asije akamkalia nyumbani, naye Hajra anaogopa vilevile, kuolewa anataka, aone haya ya nini, ila mume naye amtake mwenye miguu hii... "Hajra!" mama anaita, pazia bado limeshuka, mikono bado imeshika sinia, na afadhali Akilabai amkatae yeye leo kuliko kumpenda yule mwingine.