Nyumba Iliyoelekezwa Relini

...ardhi tupu, amesema tena, ardhi tupu, na ile nukta nyekundu ya kijiti chake cha mwanga inapita ukutani juu ya ramani, inaufuata ule ukanda mrefu wa kijani unaokatiza mbele ya nyumba yetu ya Parit Keladi, kama mtu anayefuta makombo mezani, na huyu binti simchukii, jina lake Rozilawati binti Mat Nayan, nimelisoma kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwake, ofisa mipango wa halmashauri, ana adabu, alinishika mkono kunipandisha ngazi za ukumbi, lakini tupu ni neno gani, tupu ni gunia, tupu ni chungu kilichokombwa, ardhi ile imetengwa, na kilichotengwa si kitupu, mama akimtengea mgeni chakula akakifunika kwa kawa, nani katika nyumba ile atathubutu kusema sahani haina mwenyewe... na hata jina la kijiji wamelikosea, wameandika Parit Keladi Baru, yaani Mpya, hakuna Parit Keladi Baru, ipo Parit Keladi, basi, tangu babu yangu alipochimba mtaro wa kwanza... "Mwalimu, unaguna," ananinong'oneza Tauke Quah hapa kushoto kwangu, Quah Boon Teik, tauke yaani mfanyabiashara, mwenye duka la vyuma, jirani yangu wa maisha, ananiita Mwalimu kwa sababu wanawe wote niliwasomesha jiografia, "guna pole pole, watu wanadhani kiyoyozi kimeharibika," na mimi namwambia sikuguna, naye anasema, "Haya, basi ni kiyoyozi," na Bi Rozilawati anaendelea, kwa kuwa mradi wa reli haumo tena katika mipango ya miaka ijayo, halmashauri inapendekeza ukanda huu uondolewe katika hifadhi na ubadilishwe matumizi, maduka ya ghorofa mbili, maegesho ya magari, wenye maoni watapewa nafasi mmoja mmoja, na mimi maoni ninayo, nimeyafanyia mazoezi tangu juzi mbele ya kioo kama kijana anayekwenda kuposa, nitasimama, nitataja jina langu, Shamsuri bin Deraman, si Shamsul kama walivyoniandika mlangoni, halafu nitasema, mliichukua kwa ajili ya reli, hamtaki reli, basi turudishieni, neno moja hilo, turudishieni... maana mimi nilikuwepo, nimevaa kaptura ya shule, bendera ya Mwingereza bado iko juu ya kituo cha polisi, siku mpimaji Bwana Alastair Corrie, Corrie kwa r mbili, aliposhuka garini na viatu vyake vikazama kwenye tope letu, akamwambia mkuu wa kijiji, Tok Mat Saman, hapa itapita reli ya tawi kwenda bandarini, si leo, si kesho, lakini itapita, na nyumba moja tu imekaa njiani, nikaambiwa nitafsiri, mtoto wa shule ya Kiingereza, nikatafsiri nikijua nyumba yenyewe ni yetu, na baba, Ngah Deraman, hakubisha, aliuliza swali moja tu, treni itapita upande gani... "Mbele kule wamelala," anasema Tauke Quah, "mwangalie yule wa mstari wa pili, atadondosha meno," simsikilizi, nawaona wanaume wa vijiji jirani wakija baada ya swala ya Ijumaa na mianzi mabegani, maana siku zile nani alivunja nyumba, nyumba ya mbao haivunjwi, hubebwa, wakapitisha mianzi chini ya sakafu, bilali wa msikiti, Haji Mustakim, akasema bismillahi, na nyumba ikatoka juu ya mawe yake nzima nzima, paa, madirisha, mapazia ya mama yakipepea, ikaanza kutembea kwa miguu ya watu, wanawake huku wanapika mchuzi wa mafenesi machanga kwenye masufuria ya harusi, na mama yangu, Che Puteh, anakimbia pembeni anapiga kelele, "Kabati langu! Sahani zangu jamani!" na sauti kutoka chini ya sakafu inamjibu, "Dada, sahani zako nzito kuliko mumeo!" na nyumba yote ikatikisika kwa kicheko, nikaogopa itaanguka, na walipoivusha nje ya ukanda, jasho linawatiririka, wanataka kuitua tu wakale, baba akanyoosha mkono akasema, igeuzeni, "Igeuzwe wapi tena, Ngah? Barabara iko kule!" naye akasema, "Barabara naijua. Baraza iangalie huku reli itakakopita. Watu watakuwa wanapita hapa ndani ya treni, mgeni haonyeshwi kisogo," wakamtukana wakicheka, wakaigeuza, baraza yetu yenye nakshi alizochonga babu ikaelekea njia ambayo haikuwepo, na jiko likaelekea barabara ambayo ipo... na haikuwepo, na haikuwepo, wageni wetu wote tangu siku ile wanaingilia jikoni, sisi watu wa heshima, mgeni anapita kwenye kuni na banda la kuku ndipo aonane na mwenye nyumba, hata siku ya harusi ya binti yangu Salmiah, wapiga dufu mbele, bwana harusi kavaa kilemba cha dhahabu, shangazi zake wamebeba sinia za tambuu, msafara wote ukasimama mlangoni kwenye ndoo ya maganda, na shangazi mmoja, Hajah Rukinah, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe huku watu wanaoana jikoni," nikacheka nao, nilicheka, na mke wangu Jamilah, Mungu amrehemu, usiku ule aliniambia, tuigeuze nyumba, mume wangu, au tujenge ngazi upande wa barabara, treni haiji, nikamwambia ngoja kidogo, na alikufa anangoja, jeneza lake nalo lilitokea jikoni... na si sisi tu, kijiji kizima kiliulinda ukanda ule bila mlinzi, tulilima ndizi, tulilima mihogo, kitu cha kung'oa kwa siku moja treni ikija, hakuna aliyepanda mdurian, ule mti wa matunda unaokawia miaka kuzaa, hata mmoja, kwa sababu mdurian unampandia mjukuu, na pale mjukuu angepanda treni, vizazi vya watu vimejinyima mti, na huyu binti anasema tupu, na mimi najua kitakachokuja, maduka yataangalia barabara mpya, nyumba yetu yataipa migongo, baraza ya baba, iliyokataa kumwonyesha mgeni kisogo, itakaa inaangalia visogo vya maduka, mapipa ya taka, mabomba, viyoyozi vinavyotema maji, hapana, turudishieni, nitapanda durian mimi na uzee huu, nitapanda kwa hasira tu... "Na treni ikija?" nani huyo, ni Tauke Quah, amesema bila kusimama, bila kipaza sauti, ukumbi umegeuka, na mwenyekiti, Datuk Azmil bin Rejab, anatabasamu, "Tauke, ikija nitakuuzia tiketi ya kwanza mwenyewe," wanacheka, Tauke naye, "Tiketi sitaki, Datuk, nauliza itapita wapi, au itaruka?" wanacheka zaidi, yule wa mstari wa pili ameamka, na Bi Rozilawati hacheki, anajibu kwa adabu ileile, "Ikitokea huko mbele reli ikahitajika, baba, itatafutwa njia nyingine," nyingine, anasema nyingine na mkono wake unayumba kidogo, nukta nyekundu inatoka kwenye ukanda, inapita juu ya msikiti, juu ya shule, juu ya mtaa wa Seri Melor wenye nyumba za saruji zilizoshikana kama meno, inapita juu ya paa la Salmiah wangu na watoto wake, inarudi kwenye kijani, hakuna aliyeona, ni mkono tu uliyumba... lakini nimeona, nyingine ndiyo hiyo, hakuna nyingine isiyo na mtu, njia nyingine ni sebule ya mtu, ni kitanda cha mtoto wa mtu, na saruji haibebwi mabegani, Bi Rozilawati, huwezi kupitisha mwanzi chini ya nyumba ya saruji ukasema bismillahi, hiyo hubomolewa, na hakutakuwa na mchuzi wa mafenesi siku hiyo, hakutakuwa na mtu chini ya sakafu wa kumtania mama yako, watakuja na mashine na polisi, watamwambia Salmiah ni kwa maendeleo, naye hatakuwa na pembeni pa kusogea, kwa sababu pembeni palikuwepo, tulipatunza sisi, wakapauza waweke maduka ya simu... na mimi nilikuja kusema nini, turudishieni, nipande mti katikati ya njia kwa hasira, tofauti yangu na wao ni ipi, wao maduka mimi durian, wote tunaifunua kawa na kula chakula cha mgeni kwa sababu amechelewa, baba alijua itachelewa, Corrie alimwambia si leo si kesho, nilitafsiri mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, naye aliigeuza nyumba hivyohivyo, nami miaka yote nimedhani alikosea, nimemwonea haya mbele ya Hajah Rukinah... "Sasa Mwalimu mbona umenyamaza," ananong'ona Tauke Quah, "bora uendelee kuguna," na Bi Rozilawati yuko palepale, picha ni ileile, nukta inatetemeka kwenye ukanda mbele ya baraza yetu, anasema ardhi hii tupu, mara ya ngapi sasa, jina langu bado halijaitwa, wataliita vibaya nami nitalisahihisha, halafu sitasema turudishieni, nitasema iacheni, ibaki kijani kwenye ramani yenu, ibaki na ndizi zake na mihogo yake, mgeni wake hajafika, na wageni wetu sisi wazidi kuingilia jikoni, waingilie, nitaondoa tu ile ndoo ya maganda mlangoni...