Lipu ya Wageni

"Nani alikutuma upige lipu?"

"Wewe."

"Mimi nilisema nyumba iandaliwe."

"Ndiyo hiyo, nimeiandaa. Ulitaka niiandaeje, niipake poda?"

"Nijibu vizuri, mimi si rika lako."

"Mama, hapo ukutani palikuwa na ufa unaingiza kiganja. Nimeuziba. Kosa langu nini?"

"Kosa lako ni hilohilo, umeuziba!"

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, utepe wa kupimia shingoni, shati la shule lisilo na mikono mkononi. Yeye ni mshonaji wa sare. Huyo anayejibizana naye ni kitindamimba wake, fundi lipu. Mtaa mzima humwita Kioo, kwa sababu ukuta akishaupitishia mwiko wake, unaweza kuchana nywele mbele yake. Jina analipenda. Mchana huo lilikuwa linamkera kama kokoto kwenye kiatu.

Mambo yalikuwa hivi. Kando ya nyumba kuna mto, na kwenye mto linajengwa daraja. Nguzo za daraja hupigiliwa ardhini kwa nyundo ya mtambo, nyundo nzito kuliko lori, na kila ikishuka, cherehani ya Mama husogea kidogo kuelekea mlangoni. Jioni huirudisha mahali pake, akiitukana kama mtoto mtoro. Miezi mitatu ya kishindo hicho, na nyumba saba za uchochoro ule zikapasuka kuta. Watu wakaandika barua, wakaandamana hadi geti la mradi, wakarudi, wakaandika nyingine. Mwisho mradi ukakubali: mkaguzi atapita nyumba kwa nyumba. Yenye ufa itaandikwa kwenye orodha, na waliomo watahamishiwa mahali pengine mpaka nyundo imalize kazi, ndipo nyumba itengenezwe. Isiyo na ufa, wenyewe watabaki humo humo. Na Jumanne hiyo, saa nane mchana, nyundo ilikuwa inahamia nguzo ya ukingoni, ile iliyo karibu zaidi na ukuta wa Mama.

Sasa, Ijumaa iliyotangulia, afisa mahusiano wa mradi alipita na gari la kipaza sauti. Mwanamke mpole, sauti ya redio. "Jumanne mtapokea wageni," akasema. "Tafadhali andaeni nyumba." Yeye alimaanisha sogezeni makabati na vitanda, kuta zionekane. Lakini mtu ukimwambia wageni wanakuja, aandae nyumba, atafanya lile alilofanya mama yake na bibi yake. Uchochoro ukafagiliwa mpaka ukatoa vumbi la mwaka juzi. Mapazia yakafuliwa. Na Kioo akaitwa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, ambayo ni ya mama yake mwenyewe. Siku nne hakunyoosha mgongo. Aliziba nyufa zote, akapiga lipu, akasugua, akapaka chokaa. Kazi safi. Jumanne asubuhi yule afisa akaja kukagua maandalizi, akachungulia nyumba mbili, akashika kichwa. "Jamani! Nyufa ziko wapi?"

Ndiyo maana Mama na mwanawe walikuwa wanagombana.

Mkaguzi aliingia ugomvi ukiwa bado wa moto. Mtu wa makamo, kofia ngumu ya njano, kizibao kinachong'aa, fomu kwenye kibao. Nyumba sita alikuwa ameshazipitia na zote ameandika neno moja: nzima.

"Hodi. Hii ni ya saba?"

"Karibu, mwanangu," Mama akasema, na uso ukabadilika palepale kuwa uso wa kupokea mgeni. "Karibu kiti."

"Asante, nitasimama." Akaangalia ukuta wa upande wa mto. Akaugusa. Akaugonga kwa ukucha. "Ukuta mzuri huu."

"Mbovu," Kioo akasema.

"Siuoni ubovu."

"Huuoni kwa sababu mimi ndiye fundi. Ngoja."

Akachukua tindo na nyundo yake ndogo kwenye ndoo, akaweka ncha pale alipopakumbuka, akapiga. Mapigo matatu tu, lipu ikadondoka kama ganda la yai. Akapanda na tindo juu, akashuka nalo chini. Ufa ukajitokeza, mweusi, umepinda, kutoka kwenye kizingiti cha dirisha mpaka sakafuni. Ilimuuma kidogo. Lipu ile alikuwa ameifurahia.

"Huo hapo. Andika."

Mkaguzi akapiga picha, akatazama picha yake, akatikisa kichwa. "Siwezi, kaka. Fomu inataka ufa usioguswa. Huu umezibwa, umefunguliwa, na umegongwa na tindo mbele ya macho yangu. Mkubwa wangu akiniuliza nani kapasua, nimwambie nini? Nyundo ya mradi au yako?"

"Ya kwangu unaiona ilivyo. Inaponda karanga."

"Mimi naandika ninachokiona."

"Kwa hiyo ningekuwa fundi mbovu, mama yangu angehamishwa."

Mkaguzi akainamia fomu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Akaandika lile neno lake, akatazama saa, akafunga kalamu haraka.

"Samahani, Mama, lazima nitoke. Saa nane kasoro dakika kumi."

"Saa nane kuna nini? Chai bado hata hujanywa."

"Nyundo inaanza. Sisi wafanyakazi haturuhusiwi kuwa ndani ya bendera ikiwa inapiga."

"Bendera gani?"

"Zile nyekundu. Za usalama."

Mama akaweka shati juu ya cherehani. Akatoka hadi mlangoni, akatazama kulia kwenye mto, akatazama kushoto. Bendera zilikuwa zimefungwa kwenye vijiti vya plastiki tangu jana, zinapepea kwa raha zao. Zilikuwa upande wa kushoto. Barabarani. Nyumba yake na zile sita zilikuwa katikati, baina ya bendera na nyundo.

Akarudi ndani taratibu.

"Mwanangu, hebu nielewe. Wewe una kofia ya chuma."

"Ya plastiki, Mama."

"Una kofia. Na ukikaa humu saa nane utafukuzwa kazi."

"Nitaandikiwa onyo."

"Mimi nina kilemba. Mimi nikae?"

Kioo alimwona mkaguzi akihesabu kichwani hatua za kutoka bendera mpaka pale aliposimama.

"Ukuta ni mzuri, umesema mwenyewe," Mama akaendelea, akavuta stuli yake ya kushonea. "Basi kaa. Nusu saa tu. Nikushonee na hicho kifungo cha kizibao, kinaning'inia. Nyundo ikipiga na ukuta ukibaki mzuri, mimi sina neno na mtu."

"Siwezi kukaa, Mama."

"Kwa nini?"

"Ni hatari."

"Hilo ndilo uandike."

Mkaguzi akatazama stuli. Akatazama saa. Akafungua kalamu, akakata lile neno kwa mstari mmoja, na chini, kwenye nafasi ya maoni ambayo huwa haandiki kitu, akaandika akisema kwa sauti, polepole: nyumba zote saba zimo ndani ya mstari wa hatari, nyundo isipigwe kabla watu hawajahamishwa. Akatia sahihi. Akatoa redio ya mkononi, akaongea na mtu wa mtambo, akabishana naye, akarudia neno "bendera" mara tatu. Saa nane ikafika. Nyundo haikupiga. Cherehani ilibaki mahali pake.

"Leo imesimama," mkaguzi akasema, jasho likimtoka chini ya kofia. "Kesho asubuhi mkubwa wangu atakuja mwenyewe kuangalia hapa. Akikubali, mnahama. Akikataa, itapiga."

"Mwambie karibu sana," Mama akasema.

Mkaguzi akaenda zake, akikaza mwendo hadi alipozivuka bendera. Kioo akaokota tindo lake, akalifuta kwenye suruali. Vipande vya lipu vilikuwa vimetapakaa sakafuni hadi chini ya cherehani, na ufa ulikuwa wazi kama mdomo wa mlevi aliyelala. Alijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mama naye alikuwa anautazama ufa ule. Akashika kiuno.

"Baba," akasema, sauti ya upole, ile ya kuomba.

"Naam."

"Kesho anakuja mkubwa mzima. Atatukutaje na tundu kama hili? Si ungepapitisha mwiko kidogo tu, hapa mbele panapoonekana?"

Kioo akamtazama mama yake. Akautazama mwiko ndani ya ndoo. Akaibeba ndoo, mwiko, tindo na kila kitu, akageuka, akatoka.