Maziwa ya Ajdar

Watu wa bonde letu wakiwasimulia watoto kisa cha Savsan, binti wa Mir, mtawala wetu, aliyenyonyeshwa na joka, watoto hucheka mpaka wakashika mbavu. Nami huwaacha wacheke. Lakini aliyembeba yule mtoto mchanga mpaka pangoni ni mimi, Qimat, kwa hiyo nina haki ya kukisimulia kisa hiki bila kumchekesha mtu.

Kwetu mtoto wa Mir hanyonyeshwi na mamake. Hupewa nyumba nyingine, na tangu siku hiyo nyumba hizo mbili ni damu moja: hawaoani, hawapigani, hawauani, hata mmoja wao awe mwizi wa mbuzi. Savsan alipozaliwa, mimi nilikuwa nimemzika mwanangu siku nane kabla, na maziwa yalikuwa yananilowesha nguo. Bonde zima lilijua kwamba mtoto atapewa Qimat. Nilikwisha kufua hata vitambaa vya kumviringishia.

Ila Mir Qurbonsho alijiona mjanja kuliko wajanja wote.

"Nikimpa Qimat nitapata faida gani?" alisema mbele yangu, kana kwamba mimi ni birika. "Qimat hajawahi kuniuma. Anayeniuma ni Ajdar."

Ajdar ndiye joka wa chemchemi ya maji moto, kule juu njia inapovuka mlima. Kila mwaka alikula kondoo arobaini wa Mir na, akikosea, mchungaji mmoja. Basi mimi, mwenye maziwa yanayomwagika, nikatumwa kumpelekea joka mtoto akanyonye kwake.

Ajdar alimnusa mtoto kwa muda mrefu. "Mbona mdogo hivi? Mngengoja anenepe kwanza."

"Si wa kuliwa," nikamjibu. "Ni wa kunyonyeshwa. Mir anataka muwe jamaa."

Nikaona joka mzima ameingiwa na haya. Majoka ya kwetu huzaa kama ng'ombe. Wenye majoka ya mayai watajua wenyewe. "Wangu alizaliwa mfu theluji ilipoanza kuyeyuka," alisema polepole. "Maziwa ninayo. Lakini nitamshikaje, dada, na makucha haya?"

Nikamfundisha. Nilikaa siku saba pangoni nikimshikia mtoto kichwa, huku maziwa yangu mimi yakikauka kifuani. Savsan alinyonya kama ndama, akapiga kwikwi, cheche zikaniunguza nyusi. Ajdar alicheka hadi akalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa na wivu, na afadhali niseme waziwazi: kwa miaka kumi na saba nilimwonea wivu nyoka.

Tangu siku ile hakupotea kondoo hata mmoja. Ajdar aliushika ujamaa kuliko sisi tulioubuni. Tukifiwa, alishuka akakaa na wanawake kulia. Askari wa Bek, mtawala wa tambarare, walipojaribu kuvuka mlima kuja kututoza kodi, alikaa katikati ya njia akapiga miayo, nao wakakumbuka shughuli zao nyumbani.

Na Savsan akakua hivyo hivyo, nusu yetu nusu yake. Alitembea peku kwenye theluji, ikayeyuka chini ya nyayo zake. Alipiga mieleka na wapwa wa Mir akawabwaga. Sindano alikuwa haijui. Kitu pekee alichowahi kudarizi ni kitambaa cha kichwa cha Ajdar, na yule tausi aliyemtia alifanana na kuku aliyekanyagwa. Ajdar alikivaa kila sikukuu. Kila Alhamisi Savsan alipanda mlima na kapu la aprikoti zilizokaushwa, akarudi jioni ananuka moshi.

"Binti wa Mir hanuki moshi," babake alimkaripia.

"Basi nilitakiwa ninyonyeshwe na waridi, baba. Nani aliyechagua?"

Kisha Bek akaleta posa. Alikuwa tayari kutufungulia soko la tambarare kwa aprikoti na sufu zetu, lakini alitaka bibi arusi aende na ngozi ya joka. Macho ya Mir yaling'aa. Tatizo lilikuwa moja: hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angeinua mkono dhidi ya mama wa kunyonya wa binti wa Mir, hata kwa dhahabu. Kadhi akasema hivyo hivyo. Kama alinyonyesha, damu yake haimwagwi. Kama hakunyonyesha, ni mnyama tu. Na shahidi aliyekuwepo pangoni alikuwa mmoja.

Mir alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akaketi kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu ya maziwa na chumvi. Hajawahi kufanya hivyo kabla wala baada.

"Qimat, umri umekwenda. Siku ukifa, nani atakufunga kidevu?"

"Mungu anajua, Mir wangu."

"Sema tu kwamba joka aliogopa makucha yake, ukanyonyesha wewe. Nani asingeamini? Bonde zima lilijua ulikuwa na maziwa. Kuanzia kesho Savsan ni mwanao. Atakuita mama mbele ya watu wote."

Hakunitishia wala hakuniahidi hata mbuzi. Alijua pa kunishika.

Asubuhi yake Savsan alinikuta kwenye tanuri, akanisaidia kubandika mikate kwa mikono mitupu, kwani yeye haungui. "Shangazi Qimat," akasema, "wanasema mambo ya kijinga. Wewe utawanyoosha, sivyo?"

"Nitasema nilichokiona, mwanangu."

"Basi nimekwisha kutulia." Akamega kipande cha mkate akaondoka anatafuna.

Tulikusanyika kwenye uwanja wa polo. Ajdar alikuja pia, maana jamaa huitwa kwenye shauri la jamaa. Alikuwa ameoga chemchemi nzima, amevaa kitambaa chake cha kuku, akajikunja katika safu ya wanawake asije akamziba mtu. Kadhi akaweka mkate mbele yangu. Nikaweka mkono juu yake kuapa.

"Mtoto alinyonya kwangu," nikasema. "Siku zote saba. Joka hakumgusa."

Savsan alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha. Alipouona uso wangu akaacha.

"Dada Qimat," alisema Ajdar, wala hakuinua sauti, "si wewe uliyenifundisha kumshika?"

Kadhi akaniuliza mara ya pili kama sheria inavyotaka, nami nikarudia maneno yale yale. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Wanaume walimwendea na mikuki. Angeweza kutuchoma sote, uwanja mzima, pamoja na farasi. Lakini sisi tulikuwa tumeutupa ujamaa, yeye bado alikuwa nao. Alifunga mdomo wake, akaupinda mwili kumkinga Savsan ambaye alikuwa amemkumbatia shingo, na hakuufungua mdomo ule mpaka alipokufa. Ilichukua muda mrefu. Sitasema zaidi.

Bek alipofika kumchukua mchumba, Savsan alisimama mbele ya Kadhi, macho makavu. "Mama wa kunyonya asiye na mtoto mwingine haachwi peke yake uzeeni. Binti hatoki mlangoni kwake mpaka amzike. Ni sheria au si sheria?"

"Ni sheria," Kadhi alikiri.

"Basi mama yangu ni Qimat. Kaapa mwenyewe." Akamgeukia Bek. "Ngozi hiyo hapo. Nenda salama."

Bek hakujali. Alichukua ngozi, na majira yaliyofuata askari wake walivuka mlima bila kupigiwa miayo. Leo aprikoti zetu zinakwenda soko la tambarare kweli. Zinakwenda kama kodi.

Savsan yuko kwangu mwaka wa tisa sasa. Hufua, hupika, hunichana nywele, hunishika mkono tukienda msibani. Hapandi mlima tena. Wanawake wananiambia, Qimat una bahati, mabinti wa siku hizi hawako hivyo. Na kweli, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja.

Juzi homa ilinishika, nikadhani ndiyo safari. Nikamshika mkono nikamwambia, "Savsan, nisamehe."

Alinikunjia blanketi vizuri miguuni.

"Nikusamehe nini, mama?" akasema. "Si ulininyonyesha?"