Pampu Nzima

Mzee Kalenda hakupewa jina hilo kwa heshima. Wenzake katika karakana ya ndege ndogo walimbandika kwa sababu kwake kipuri kikifikisha kikomo cha saa zake za kuruka kilitoka, kiwe kizima, kiwe kibovu. Meneja akilalamika kwamba anatupa mali inayofanya kazi, mzee alimkatiza, "Gari likiharibika unaegesha pembeni. Kule juu utaegesha wapi?" Wakacheka, wakabishana, na kipuri kikatoka. Alikuwa mbishi kweli kweli, wa kumchosha hata mkewe.

Kisha ikaja pampu. Ni kitu kidogo cha kushika kwa mkono mmoja, kinachovuta hewa ili vipimo vilivyo mbele ya rubani vimwonyeshe, akiwa ndani ya wingu, kama ndege imenyooka au imelala ubavu. Katika ndege aliyokuwa akiirusha mdogo wake, rubani, pampu ilikuwa imefikisha saa. Mzee aliichungulia, akakuta haina hata dalili ya kuchoka.

"Kaka, hii si imetulia tu?" mdogo wake alimwambia. "Iache."

Kaka hakuiacha. Alifunga mpya kwa mikono yake mwenyewe, kama kitabu cha matengenezo kinavyotaka. Wiki ileile pampu mpya ikavunjika ndani ya wingu, ndege ikaanguka, na rubani akazikwa.

Wachunguzi walimsafisha. Hakukosea popote, walisema. Vipuri vipya navyo vina siku zake mbaya. Afadhali wangemtukana.

Sasa ndege ya pili ilisimama karakanani, pampu yake nayo imefikisha saa, na wa kuirusha asubuhi hiyo ni binti wa marehemu, rubani kama babake. Pampu mpya ilikuwa mezani ndani ya boksi lake. Meneja safari hii hakubishana. "Utakavyoona mwenyewe, mzee," alisema, akajiendea zake ofisini.

Mzee alifungua kifuniko, akamulika tochi. Nzima. Akafunga, akafungua tena, kama mtu anayetafuta ugonjwa kwa nguvu. Akiibadilisha, atarudia kitendo kilekile kilichomzika mdogo wake. Akiiacha, ikamfia mtoto angani, atasema nini? Na kulikuwa na jambo baya zaidi, lililomtia aibu hata kulifikiri. Kuiacha hii ni kukiri kwamba hata ile ya mdogo wake ingeweza kuachwa. Ndiyo maana mkono wake ulikuwa ukilivizia boksi. Roho ya mtoto iko rehani, naye anapigania jina lake! Alijichukia, akajichukia tena.

Akalirudisha boksi stoo.

Binti alikuja amevaa sare, funguo mkononi, uso umemkonda tangu msiba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeshafunga pampu mpya?"

Angeweza kusema ndiyo. Binti asingefungua injini kumhakiki. Alimwamini tangu utotoni.

"Hapana," alisema. "Nimeikagua, ni nzima. Nimeiacha."

Binti aliinamisha kichwa, akawa anazichezea funguo. Mzee alijua ni hesabu gani inayopigwa mle kichwani, na hakuwa na namna ya kuizuia.

"Na ile ya baba, ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Kama hii?"

"Kuliko hii."

Binti aliizunguka ndege, akakagua mabawa na matairi bila haraka, akatikisa usukani wa mkiani, akapanda. Mzee akasogea kumfungia mlango, kama alivyokuwa akimfungia babake. Binti akamwahi, akauvuta mwenyewe.

"Asante, fundi," alisema kupitia dirishani.

Tangu ajue kusema, hakuwahi kumwita hivyo.