Nyundo Ndogo ya Zeferino

Zeferino aligonga rimu mara tatu kwa nyundo yake ndogo, akainamisha sikio kama anayesikiliza umbea. "Inalia," akasema.

"Inalia?" Ndugu Josephu aliuliza. "Mimi nimekuja kununua gari, sikuja kununua kengele."

Watu wa gereji wakacheka, kwa kuwa mteja mkubwa akitania lazima achekewe. Magari mawili mapya, yaliyoshushwa melini juzi, yalikuwa yamesimama uani kwa mwenye gereji, Bwana Saidi, yote meupe, yote ya aina moja. Tofauti ilikuwa miguuni tu. Moja lilikuwa na rimu za chuma, nyeusi, za kawaida. La pili lilitoka kiwandani na rimu za aloi, nyepesi, zinazong'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Ndugu Josephu, meneja wa ofisi ya kununua korosho, mtu wa bara aliyekuja Mtwara na suti tatu, alitakiwa kuchagua moja. Macho yake yalikwisha kuchagua. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba yameona vyema.

Mtu huyo alikuwa Zeferino. Madereva wa Mtwara walikuwa na desturi yao: hakuna aliyeshika safari ndefu kabla Zeferino hajamgongea magurudumu. Rimu nzima hulia, yenye ufa hukohoa. Akisema "inalia", dereva hupanda akaondoka hata mvua ikinyesha. Akinyamaza, dereva hushuka, tajiri wake na atukane mpaka achoke. Neno hilo moja ndilo lililokuwa mali yake yote katika nchi hii. Mali nyingine aliiacha ng'ambo ya Ruvuma.

Na siku hiyo alikuwa na zaidi ya neno moja la kusema. Huko Nampula alikuwa fundi katika gereji ya Mreno mmoja mpenda mashindano ya magari, na gari la yule Mreno lilikuwa na rimu za namna ile ile. Zililia vizuri kuliko za chuma. Kisha gari likapelekwa kwenye barabara ya mashimo, rimu moja ikapasuka kama chungu. Chuma kikipigwa na shimo hupinda, ukakinyoosha kwa nyundo, ukaendelea na safari yako. Aloi haijui kupinda.

Lakini asubuhi ya jana yake Bwana Saidi alikuwa amemwita ofisini.

"Fundi, watu wa ng'ambo wasio na barua ya mwajiri wanapelekwa kambi ya wakimbizi mwisho wa mwezi. Umesikia?"

"Nimesikia, tajiri."

"Mkeo anaendeleaje?"

Zulmira alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, kifua kimemkamata. Hospitali walikuwa wakimchoma sindano kila siku, na walisema akizikatiza, basi tena. Kambini hakukuwa na sindano. Kulikuwa na pori, na kabla ya pori, siku mbili juu ya lori.

"Barua nimeshaiandika," Bwana Saidi alisema, akapigapiga mfuko wa shati. "Imebaki sahihi tu. Lile gari la aloi ni la bei, na hapa mjini nani mwingine atalinunua? Kesho mteja akikuuliza, wewe gonga. Sikuambii useme uongo. Sema inachosema nyundo, basi."

Ndivyo Zeferino alivyofanya. Wala haukuwa uongo.

Ndugu Josephu alipoingia ofisini kutia sahihi, dereva wake, Filipo, kijana wa Songea mwenye mwanya, alimfuata Zeferino nyuma ya mapipa ya oili.

"Baba, mkubwa wangu anapenda kinachong'aa, hilo tunalijua. Lakini usukani nitaushika mimi. Barabara ya Nanyamba, ya Kitaya, kila wiki. Ungekuwa wewe, ungechukua lipi?"

Zeferino alitazama oili iliyomwagika chini. Bwana Saidi alikuwa ametokeza mlangoni, mkono juu ya mfuko wa shati.

"Si umesikia? Inalia."

Filipo akacheka, mwanya wazi. "Basi, imekwisha hiyo." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu amshikavyo baba yake mzazi. Zeferino aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akauvuta mkono wake haraka.

Barua ilitiwa sahihi saa sita mchana. Zulmira aliilalia chini ya mto.

Mwezi wa tatu mvua ziliichimba barabara. Mbele kidogo ya Nanyamba, Filipo aliingia kwenye shimo lililojaa maji, shimo ambalo malori yalilipita kila siku yakinung'unika tu. Rimu ya mbele ilipasuka vipande vitatu na gari likabiringika hadi kwenye mikorosho. Ndugu Josephu hakuwamo, siku hiyo alikuwa na mkutano. Filipo alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti.

Ndugu Josephu alikuja gereji na karani wa kuandika. Hakuzungumzia mguu. Alitaka kujua nani alaumiwe kwa gari.

"Muulizeni fundi," Bwana Saidi alisema kwa upole. "Yeye ndiye aliyegonga. Mimi najua kuuza tu." Akapigapiga mfuko wa shati, ingawa safari hii ulikuwa mtupu. Zeferino alielewa. Aliyeandika barua anaweza kuandika nyingine ya kuifuta.

"Rimu ilikuwa nzima," akasema. "Niligonga mwenyewe. Ililia."

"Kwa hiyo ni mwendo," Ndugu Josephu alisema. "Dereva alikimbiza gari."

Karani alisubiri, kalamu hewani. Zulmira alikuwa amebakiza sindano kumi na nane.

"Labda mwendo," Zeferino alisema.

Karani hakuandika "labda".

Filipo alifukuzwa kazi akiwa bado wodini. Barua ya kufukuzwa aliletewa pamoja na uji.

Zulmira alipona. Mwezi wa sita alikuwa akitwanga mwenyewe, akiimba, na Zeferino alikuwa akikaa nje mpaka wimbo uishe. Gereji ilikuwa na kazi tele. Madereva waliendelea kuja kugongewa, na yeye aliendelea kuwaambia inalia.

Asubuhi moja Filipo aliingia uani na gongo moja na mguu wa mti. Akaketi juu ya tairi ambalo wateja hukalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama anaendeleaje? Wodini nilisikia anachomwa sindano."

"Amepona."

"Afadhali." Alisema akimaanisha, na hilo lilimuumiza Zeferino kuliko tusi. "Leo narudi kwetu. Basi linaondoka saa nne. Nikaona nisishike safari bila kupitia kwako."

Akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya debe, akakunja suruali. Mti ulikuwa mpya, mweupe bado. Mchongaji, kwa mzaha au kwa huruma, alikuwa ameuchonga na vidole vyake vitano.

"Nigongee," Filipo alisema.

Madereva wawili waliokuwa wakingoja zamu wakasogea karibu. Zeferino akaokota nyundo ndogo. Akagonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama kawaida yake, na mti ukatoa sauti ya mti. Filipo alikuwa ameinamisha sikio, anangoja neno.

Kule stendi basi likapiga honi. Filipo hakuushusha mguu.