Maji ya Wali

Daw Ohn Shwe aliinamisha sufuria juu ya kihori, kifuniko kakibana kwa vidole viwili, na maji mazito ya wali yakamiminika yakitoa mvuke. Nguruwe akayafakamia. Juu, ndani ya nyumba iliyoinuliwa kwa nguzo, mjukuu wake wa miezi miwili alikuwa akilia bila kusikika: mdomo wazi, uso umekunjamana, sauti hamna.

Alipopanda na kumwona, alikijua kilio kile. Mwaka juzi mjukuu wa kwanza alilia hivyo hivyo asubuhi, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa. Majirani walisema ni pepo. Safari hii mwanawe hakungoja mganga. Alirukia mtumbwi akamfuata nesi.

Nesi alimchoma mtoto sindano ya vitamini, kisha akaketi mkekani akauliza mama mtu anakula nini. Daw Ohn Shwe alijibu kwa fahari, maana kwa hilo hakuna aliyewahi kumsuta. Mchele mweupe kuliko wote sokoni, anauosha mara tano hadi maji yawe kama kioo, anauchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga; wali unatoka punje moja moja. Tena kwa desturi ya mzazi, samaki mkavu wa kuchoma tu. Kunde na mboga hagusi.

Nesi alieleza polepole, kama anayeomba radhi. Kinachoupa moyo wa mtoto nguvu kimo kwenye ngozi ya punje. Mashine inakikwangua, kuosha kunakipunguza, na kilichobaki kinatoka na maji ya kuchemshia. Mama anashiba, maziwa yanajaa, lakini kitu hicho hakimo.

"Sasa kinakwenda wapi?" aliuliza Daw Ohn Shwe.

Nesi alitazama chini, kwenye upenyo wa mbao za sakafu, ambako nguruwe alikuwa akilamba kihori.

Mkwewe, Ma Nwe, mama wa mtoto, alikuwa amempakata kifuani. Kwao milimani walitwanga mpunga wenyewe, wakala wali mwekundu, na maji yake wakayanywa kwa chumvi. Alipoolewa hapa aliyaomba. Daw Ohn Shwe alimcheka mbele ya majirani: "Mwanangu, huku hayo ni ya nguruwe. Unataka waseme nakunyima chakula?"

"Niliyaomba, mama," alisema Ma Nwe sasa, bila kuinua uso.

"Uliyaomba."

Jioni mtoto alilia tena, kwanza kwa kukwaruza, kisha kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Baba yake alicheka huku akijifuta macho. Daw Ohn Shwe alikuwa jikoni. Alikuwa ametia maji kidogo, ya kukauka yote sufuriani, wali ukawa umeshikana kama wa mwali anayejifunza kupika.

Chini, nguruwe alifika kwenye kihori saa yake ya kila siku, akakikuta kikavu. Akapaza sauti, nene, ya mnyama asiyewahi kukosa kitu. Daw Ohn Shwe aliweka kiganja juu ya kifuniko cha moto, na hakuuondoa mkono.